Mshahara sawa, maisha mbingu na ardhi: uzi wa pengo la mali Nakuru, Kisumu na Magharibi

KaraniWaMikopo (mwenye uzi), Nakuru

Wadau, hamjambo. Uzi huu nimeuahirisha tangu Januari, ule mwezi ambao foleni ya mikopo ya karo inatoka ofisini kwetu, inashuka ngazi na kufika kwa muuza njugu. Mimi ni karani wa mikopo kwenye sacco moja hapa mjini. Sitaitaja, ugali wangu uko pale.

Wiki ile waliketi mbele yangu walimu wawili, kila mmoja siku yake. Nimebadilisha kidogo habari zao wasije wakajulikana. Gredi moja, miaka ya kazi karibu sawa, na slipu zao za mshahara zinapishana kwa shilingi mia chache tu.

Wa kwanza alitaka laki tatu. Fomu yetu ina sehemu ya kuandika mali: ardhi, nyumba, gari, mifugo. Aliandika: ploti moja Kiamunyi, ya marehemu baba, vyumba sita vya kupangisha. Pesa alizitaka za kumalizia chumba cha saba na kuweka tangi. Wadhamini alikuja nao siku hiyo hiyo, wamevaa makoti, wanatania.

Wa pili alitaka laki moja na nusu. Sehemu ya mali alichora kistari. Nikamuuliza, "Hata kuku, mwalimu?" Akacheka, kisha akanyamaza. Kwenye slipu yake kuna mkopo wa mazishi ya baba na mkopo wa hospitali ya mama, na chini kabisa kumebaki theluthi ile ambayo sheria ya ajira hairuhusu mwajiri aiguse. Katika theluthi hiyo hiyo anatoa kodi ya nyumba, na karo ya wadogo zake wawili walioko Butere. Mdhamini wa tatu alimtafuta siku kumi na moja.

Sasa, watu wa takwimu wakija kuwauliza "unalipwa ngapi kwa mwezi", hawa wawili ni mtu mmoja. Wanaingia safu moja ya jedwali. Ila mimi nimeona fomu zote mbili, na nawaambia wale si watu wa tabaka moja, na watoto wao hata kidogo.

Ninachosema ni hiki: tukizungumzia pengo Kenya tunakimbilia mishahara, mbunge anapata zaidi ya laki saba na kadhalika. Pengo lenyewe huku kwetu limekaa kwenye ardhi, kwenye ploti, na kwenye swali la nani anakutumia pesa na nani anangoja umtumie. Leteni yenu.

njugu_karanga

Kwa kifupi: wenye baba wana baba. Endelea.

HesabuTu, Eldoret

Karani, hadithi yako ni tamu lakini walimu wawili si nchi. Tuweke namba mezani.

Kuna kipimo kinaitwa Gini, alikitoa Mwitaliano Corrado Gini mwaka 1912. Sifuri maana yake kila mtu ana sawa, mia maana yake mmoja amechukua chote. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, Kenya ilikuwa 46.5 mwaka 2005, ikashuka hadi 40.8 mwaka 2015, na 38.7 mwaka 2021. Inashuka. Umaskini nao ulikuwa asilimia 46.6 katika utafiti wa 2005/06, ukafika 36.1 katika ule wa 2015/16.

Halafu mnasahau M-Pesa. Ilianza Machi 2007, na watafiti Suri na Jack waliandika mwaka 2016 kwamba pesa za simu zilitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, yaani asilimia 2 ya kaya za Kenya. Kwa hivyo nyie mnalia wakati mvua inanyesha.

KaraniWaMikopo

Asante kwa namba, na sizipingi. Lakini umekatiza hadithi mahali pazuri, bwana. Endelea nayo: KNBS, watu wa takwimu wa serikali, waliandika umaskini asilimia 38.6 mwaka 2021 na 39.8 mwaka 2022. Yaani Gini imeshuka na maskini wameongezeka. Inawezekanaje? Walio katikati wakiteremshwa, kipimo kinaweza kuonyesha usawa umeongezeka. Wakati wa korona niliona watu wa hoteli Naivasha, watu wa magari ya watalii, walimu wa shule za kibinafsi waliokaa miezi bila mshahara, wote wakija kutoa akiba zao. Tulisawazishwa, ndiyo, lakini kwa kushuka.

daftari_na_kalamu, Kisumu

Mimi nilizunguka na daftari la utafiti wa kaya mwaka 2015/16. Naongea kama mtu binafsi, na naongea niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza mjue Gini yetu inahesabu nini. Inahesabu matumizi: kaya imekula nini siku saba zilizopita, imenunua nini, imelipa nini. Mali aliyonayo mtu si hesabu yake.

Nikiingia Nyalenda, mama ananikaribisha, anafuta kiti kwa leso, tunaanza. Omena ya ishirini. Nyanya tatu. Mafuta ya kupima. Mafuta taa robo. Sukari ya kumi, mara nne kwa wiki. Alikuwa anahesabu kwa vidole na hakosei hata shilingi tano, kwa sababu hizo shilingi tano alizibishania dukani. Saa mbili nzima, na nikipewa chai naona haya kuinywa maana najua ile sukari imetoka wapi.

Kisha navuka barabara kuingia Milimani. Wasioijua Kisumu, hapo ni mwendo wa miguu tu. Geti. Askari anasema mwenye nyumba yuko Nairobi. Narudi Jumamosi, yuko gofu. Narudi tena, naambiwa niongee na dada wa kazi. Huyo binti anajua maziwa, mkate na sabuni ya kufulia. Je, anajua flati za mdosi ziko ngapi? Hisa zake? Shamba la miwa la Muhoroni? Mara nyingine hata hilo geti halifunguki, unaandika "amekataa" unaenda zako.

Kwa hiyo HesabuTu, mama wa Nyalenda yuko ndani ya Gini yako mpaka nyanya ya tatu. Yule bwana yuko ndani kwa mkate na maziwa.

HesabuTu

Daftari, hapo umenibana, nakubali nusu. Ila upande wa pili nao mnatia chumvi. Ile ya shirika la Oxfam, kwamba watu wasiofika 8,300 wana mali kuliko Wakenya wengine zaidi ya milioni 44, ni makadirio. Hakuna daftari la mali nchini hii. Kodi ya urithi tuliifuta mwaka 1982, na pale ndipo serikali ilipoacha kuuliza marehemu ameacha nini.

KaraniWaMikopo

Basi umejibu swali langu mwenyewe. Hatujui kwa sababu tuliacha kuuliza.

MbutaWaKondele

Nyie mnazungumza Gini, mimi niwaambie samaki.

Watu wa mbali mkija Kisumu mnapiga picha za samaki ufukweni. Hebu siku moja pitia mtaa wetu wa Obunga asubuhi. Mbuta, wengine mnamwita sangara, anavuliwa ziwani, anaingia kiwandani, ananyolewa minofu pande zote mbili, minofu inawekwa barafu inakwenda ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa, mgongo na mkia. Hicho ndicho kinaletwa Obunga na akina mama wanakikaanga kwenye sufuria pana za mafuta. Kinaitwa mgongo wazi. Mamangu aliuza mgongo wazi miaka kumi na sita na ndio ulionisomesha, kwa hivyo siudharau. Ukiwa umekaangwa vizuri unakatika kama karanga. Lakini utoto wangu wote nilidhani mbuta hana nyama ubavuni.

Na hapa ndipo maskini anaponunua ghali. Wakenya tunaita uchumi wa kadogo. Unga robo, mafuta ya kupima, gesi ya kupima. Chukua maji. Mtungi wa lita 20 kwangu ni shilingi 10 siku ya kawaida, bomba likikauka ni 20. Lita elfu moja ni mitungi hamsini: shilingi 500, au 1,000 siku mbaya. Aliye na mita yake Milimani hiyo lita elfu analipa sehemu ndogo tu ya pesa hizo, na hajabeba kitu. Mtafiti akija, matumizi yangu ya maji yanaonekana makubwa kuliko ya jirani! Kumbe nimetumia zaidi kwa sababu nina kidogo.

njugu_karanga

Hapo kwa mbuta bila nyama ubavuni nimeacha kucheka.

kibarua_Njoro

Kuna kitu hamjakigusa. Tangazo la mishahara ya chini la Novemba 2024: kibarua wa kawaida katika miji ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kibarua wa shamba asiye na ujuzi, shilingi 7,997.33. Hata nusu haifiki.

Mimi niko Njoro. Kutoka hapa mpaka mjini Nakuru ni matatu moja, kama kilomita ishirini. Unga wa duka la hapa na wa mjini ni bei moja, na sometimes hapa ni ghali kwa sababu ya usafiri. Sasa nani alikaa akaamua tumbo la Njoro ni nusu ya tumbo la Nakuru?

Ploti58, Nakuru

Unapewa chumba kambini na sukuma unachuma. Mjini kila kitu unanunua.

kibarua_Njoro

Chumba cha mabati futi kumi kwa kumi, watu watano. Na siku mkataba ukiisha chumba kinaisha siku hiyo hiyo. Sukuma ukionekana unachuma unaitwa mwizi.

MzeeWaSubukia

Wanangu, nimesoma tangu juu. Niwape ya zamani kidogo, mkichoka mruke.

Nilizaliwa kwenye shamba la mzungu, baba yangu akiwa skwota, yaani anakaa na kufanya kazi kwenye ardhi isiyo yake. Mkoa huu wote mnaouona, kuanzia Naivasha, Njoro, Molo hadi kwetu Subukia, ilikuwa ardhi ya walowezi, Mwafrika aliruhusiwa kuwa kibarua tu. Uhuru ulipokaribia ukaja mpango wa ekari milioni moja, mwaka 1962. Vijana wengi wanadhani ardhi iligawiwa. Iliuzwa. Serikali ilikopa, mashamba yakanunuliwa, na wewe mwananchi ukapewa kipande pamoja na deni.

Miaka ya sabini zikaja kampuni za kununua mashamba. Mnachanga hisa, shamba linanunuliwa, linakatwa. Hapo ndipo pengo lenu la leo lilipopandwa kama mbegu, nami nilikuwepo. Baba yangu aliuza ng'ombe wawili na baiskeli akapata hisa moja. Rafiki yake, walichunga pamoja, walikula pamoja, walilala chumba kimoja cha kambi, mwaka ule mkewe alikuwa mgonjwa na pesa zikaenda huko. Hakupata hisa. Baba yangu alipewa ekari mbili u nusu. Yule mwenzake akasogea mjini na watoto wake. Leo mimi nauza viazi na maziwa, na nimejenga. Wajukuu wa rafiki wa baba wamepanga vyumba Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, na mmoja hunijia msimu wa kupalilia nimpe kibarua. Namwita mwanangu, lakini jioni namlipa kama kibarua. Sina raha na jambo hili na sijui nilirekebishe vipi.

Wakubwa nao walijichukulia bila hisa, hilo mnalijua. Mbunge J.M. Kariuki alisema tusiwe nchi ya mamilionea kumi na masikini milioni kumi, na Machi 1975 akauawa. Na kabla ya hapo, mwaka 1965, serikali ilikuwa imeandika katika waraka wake wa sera, ile Sessional Paper namba 10, kwamba pesa za maendeleo ziwekwe penye ardhi nzuri na mvua, pale zitakapozaa haraka, kisha faida ienee kwingine. Waulizeni watu wa Turkana kama faida imeshafika. Utafiti wa 2015/16 uliwakuta na umaskini wa asilimia 79.4. Nakuru yetu 29.1, Kisumu 33.9, na Busia, ambayo ina mvua na ziwa na mpaka, 69.3. Busia ndiyo hunishangaza.

Ploti58

Mzee shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao "wenye mali" mnaowasema. Nina vyumba kumi pale Kaptembwo, urithi wa mama. Watatu hawajalipa tangu Machi, mmoja ameondoka usiku na balbu. Choo kimejaa, keateka, mtunza ploti, anataka mshahara. Na kodi ya serikali juu. Tajiri gani huyo?

KaraniWaMikopo

Ploti58, sikukusema wewe ni tajiri. Lakini umeleta kodi, na mimi hesabu za kodi ndizo nazila kila siku, kwa hivyo tukae hapa kidogo.

Turudi kwa yule mwalimu wa Kiamunyi. Vyumba sita vya shilingi 4,500 ni 27,000 kwa mwezi, 324,000 kwa mwaka. Kodi ya mapato ya kupangisha tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, ilikuwa 10. Atalipa 24,300 kwa mwaka mzima, ikiwa atalipa.

Sasa mchukue yule wa pili, mwenye kistari. Tuseme anapata kazi ya jioni, mwajiri wa pili anamlipa hizo hizo 27,000 kwa mwezi. Yeye mshahara wake umeshapita 32,333, na kila shilingi inayozidi hapo inakatwa asilimia 30. Hiyo ni 8,100 kwa mwezi, 97,200 kwa mwaka. Sijaweka asilimia 1.5 ya makato ya nyumba nafuu wala 2.75 ya bima ya afya.

Pesa ile ile. Moja imetoka kwenye koo linalofundisha usiku, nyingine imetoka kwenye kuta za marehemu baba. Ya koo inakatwa mara nne zaidi. Na kodi ya mwalimu haikwepeki, inakatwa kabla hajaiona.

Ploti58

Hiyo 7.5 inakatwa kwa pesa yote ya wapangaji bila kutoa gharama. Choo nilichokwambia hakitolewi. Sema pia hayo.

KaraniWaMikopo

Kweli, na nimeyaweka hapa yasomwe. Hata nauli ya mwalimu na chaki anazonunua mwenyewe hazitolewi, lakini sawa.

HesabuTu

Hesabu iko sawa, nimeirudia. Sikuwahi kuiweka hivi pamoja.

binti_wa_Vihiga

Nimekaa kimya kwa sababu mnazungumza kama kwamba pengo liko kati ya boma na boma. Kwetu liko ndani ya boma moja.

Vihiga sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013, na ni zaidi ya watu elfu moja kwa kilomita mraba, na hiyo ni mashambani, hakuna ghorofa. Baba yetu alituachia ekari moja na robo. Tuko watano, mimi na kaka zangu wanne. Ukigawa kwa haki ni robo ekari kila mtu. Katika robo hiyo kuna nyumba, kuna jiko, kuna migomba sita na kuna makaburi. Kwetu makaburi yamepata nafasi nzuri kuliko mahindi.

Katiba ya 2010 inasema mimi na kaka zangu ni sawa. Kaka zangu wanasema mimi nitaolewa. Nina miaka arobaini na tatu, wataningoja niolewe mpaka lini?

Lakini si hilo nililotaka kusema. Kaka wa kwanza ana kazi nzuri Nairobi. Mwaka 2018 wa tatu alipata ajali ya boda, bili ikaja, kaka wa kwanza "akamsaidia" kuilipa. Msaada huo ulikuja na karatasi. Sehemu ya wa tatu ikawa ya wa kwanza. Mwaka 2021 mtoto wa wa nne aliitwa chuo, ada ikakosekana, karatasi nyingine. Sasa kaka mmoja ana sehemu tatu katika tano, na hakuna aliyeibiwa, wote walitia sahihi wakishukuru. HesabuTu, ulitaja M-Pesa. Ni kweli, pesa za simu hutushika tusianguke. Siku ile ya ajali nilichangisha elfu ishirini na mbili kabla ya jua kuzama. Bili ilikuwa laki na themanini. Zilizobaki zilitoka kwenye shamba. Kwetu shamba huuzwa siku ya ugonjwa, na mnunuzi yuko mezani anakula na nyinyi.

MzeeWaSubukia

Binti yangu, hii ni ile hisa ya baba yangu tena. Mke wa rafiki yake aliugua mwaka ule ule wa kuchanga.

daftari_na_kalamu

Na katika dodoso lote sikuwa na swali hilo. Tuliuliza shamba la kaya ni ekari ngapi. Kaya ya kaka yako wa tatu ingejibu "hatuna", nami ningeandika sifuri na kugeuza ukurasa.

MbutaWaKondele

Dada, hujasema wewe utachukua hatua gani. Sehemu yako bado ipo?

binti_wa_Vihiga

Bado ipo kwa mdomo. Barua ya usimamizi wa mirathi haijaombwa mahakamani, jina kwenye hati ni la babu, hata la baba halijafika.

KaraniWaMikopo

Hapo simama. Kama hati ni ya babu, zile karatasi za kaka yako ni makubaliano ya nyumbani tu, ardhi bado haijahamishwa kwa mtu. Sisi hapa ofisini hatuwezi kukubali dhamana ya namna hiyo, tunairudisha kila siku. Nenda kwa wakili, au uanzie kwa chifu upate barua ya warithi, na hakikisha jina lako limo. Usitie sahihi ya kukubali kuachia chochote kabla ya hapo.

Ploti58

Na beba shahidi ukienda kwa chifu. Nimepitia hiyo njia.

binti_wa_Vihiga

Chifu anasema kaka wa kwanza ameshaomba hiyo barua. Orodha ina majina manne.

Nimeomba likizo Desemba. Wao wamemwita mpima ardhi tarehe 27, wakijua kila mtu atakuwa nyumbani na mbuzi atakuwa amechinjwa. Nitakuja na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba, na senge yangu, yaani shangazi, mwenye miaka themanini na moja ambaye hajawahi kuogopa mtu. Nitarudi hapa kuwaambia kilichotokea.

njugu_karanga

Nimeweka alama uzi huu. Desemba 28 nakungoja.